Kwa nini tunakutoa kitandani saa 11 alfajiri kwenda Wadi Shab, korongo lenye maji huko Oman

Mwaka jana tulimwandikia mgeni mmoja wa safari zetu, mzaliwa wa Unguja anayeishi Uingereza: "Tutakupitia hotelini saa 11." Dereva akafika alfajiri, akapiga simu, kimya. Mgeni aliteremka saa 5 asubuhi, begi mgongoni, ameshakunywa chai. Kumbe alisoma saa kwa hesabu ya huko anakoishi. Kosa lilikuwa letu, na siku hizi tunaandika "saa 11 alfajiri, yaani 5:00 kwenye simu yako."

Tukaondoka hivyo hivyo. Ilikuwa Ijumaa, na nusu ya Muscat walikuwa na wazo hilo hilo. Tulipofika, maegesho chini ya daraja la barabara kuu yamejaa, watu wamepanga foleni ya boti, jua la Aprili limesimama katikati ya korongo. Mgeni wetu alitembea nusu ya njia, akarudi.

Kutoka Muscat ni kama kilomita 150 za lami kupitia Quriyat, bahari kushoto, milima kulia. Boti inakuvusha dakika chache tu, kisha ni miguu yako. Mwanzoni unapita kwenye mitende na migomba, halafu ukingoni mwa falaj, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba, halafu mawe makubwa ya kuruka na kupanda. Kama dakika 45 hivi. Asubuhi kuta za korongo bado zina kivuli. Mchana jiwe lenyewe linakuchoma kiganja. Mwisho wa njia vinaanza vidimbwi vya maji ya kijani, na hapo ni kuogelea. Kidimbwi cha mwisho kinaishia kwenye ufa mwembamba, unapitisha kichwa tu juu ya maji, na ghafla uko ndani ya pango lenye maporomoko. Asiyejua kuogelea atuambie mapema, tusianze kubishana tukiwa pale.

Viatu vivae vya raba vinavyoshika. Kandambili tumeshazibeba sana zikiwa zimekatika. Msafiri Ibn Battuta, huyu aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alitembea kwa miguu kutoka mji wa Sur hadi mji wa kale wa Qalhat, jirani kabisa na hapa, na alipofika damu ilikaribia kutoka chini ya kucha. Ikabidi akae siku sita apone.

Wengi hulalamika kwamba wakati wa kwenda tumelipita shimo la Bimmah, shimo kubwa lenye maji lililoko njiani, bila kusimama. Ni kweli, tunalipita makusudi. Lina ngazi mpaka majini, halihitaji nguvu wala kivuli, na tutalikuta wakati wa kurudi. Wenyeji wanaliita Hawiyat Najm, wakisema nyota ilianguka pale. Ukweli ni chokaa iliyoliwa na maji mpaka paa likaporomoka, lakini hadithi ya nyota ni tamu zaidi.

Kuhusu fukwe, tuseme wazi: ukitegemea mchanga wa Nungwi utavunjika moyo. Upande wa Fins na Tiwi kokoto na miamba ni mingi. Maji ndiyo raha yake.

Safari ya siku moja tunaifanya ukitaka, ila ushauri wetu ni mbili. Ukilala upande wa Sur, usiku unakwenda Ras al Jinz kuona kasa (kasa hasa, si ng'amba) akichimba mchanga na kutaga, bila kumulikwa na tochi za simu. Asubuhi unapita Sur kuona Fatah al Khair, jahazi aina ya ghanja lililoundwa pale mwaka 1951, sasa limewekwa nchi kavu. Mzee mmoja wa Malindi, Unguja, alisimama mbele yake kitambo, akaanza kututajia Wasuri aliowajua utotoni, waliokuja na kaskazi. Ratiba yetu iliharibika, na hatukujuta.

Jambo la mwisho ni mvua. Ufukweni mbingu inaweza kuwa nyeupe huku inanyesha milimani, na maji ya wadi yakashuka kwa ghafla na mawe yake. Ikitolewa tahadhari ya hali ya hewa, korongoni hatuingii, hata ungetubembeleza vipi, wala hatuvuki gari kwenye wadi inayotiririka. Oman hilo ni kosa kisheria. Utachagua siku nyingine au tutakurudishia pesa zako zote.