Barua kwa Baba: Viroba, Gongo na Sarafu za Mtandaoni

Guangzhou, China

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Ninaamini barua hii itakukuta mzima wewe na Mama, na kwamba magoti yake yamepata nafuu baada ya baridi ya Tukuyu kupungua. Mimi sijambo, na kazi ya ghalani ya kupanga mizigo ya wafanyabiashara wa nyumbani inaendelea vizuri. Barua yako ilinifikia kupitia kwa kijana wetu Lusajo, ambaye alizipiga picha kurasa zote nne akanitumia kwenye simu. Nilicheka peke yangu nilipogundua kuwa mshtakiwa wa barua hiyo ndiye aliyepewa kazi ya utarishi.

Umeniuliza swali moja, nami nitajitahidi kulijibu bila kuzunguka. Umesema kwamba tarehe 1 Juni 2019 serikali iliondoa mifuko ya plastiki, na wote waliodhani ni mzaha wakajikuta wanabeba vikapu. Kwa nini basi serikali hiyo hiyo isipige marufuku hizi sarafu za mtandaoni, vijana kama Lusajo wakarudi shambani wakapalilia viazi? Hoja yako ni nzito, na ninaona bado unajenga hoja kama ulivyokuwa ukizijenga ubaoni. Lakini mfuko wa plastiki unatengenezwa kiwandani, unasafirishwa kwa lori, unaning'inia mkononi mwa mtu anayetoka sokoni Mwanjelwa, na mgambo anauona akiwa hatua thelathini. Kitu kinachoonekana kiasi hicho hakihitaji hata mpelelezi.

Ningeomba tuuache mfuko tuitazame pombe. Tarehe 1 Machi 2017 viroba vilipopigwa marufuku, vilitoweka madukani kwa muda mfupi, kwa sababu viwanda vilivyokuwa vikijaza vile vifuko vilikuwa na majina, anwani na leseni, na kiwanda hakiwezi kujificha. Gongo, kwa upande wake, imekuwa haramu tangu sijazaliwa, na wewe na mimi tunaijua nyumba inakopikwa, na hata chini ya migomba ipi. Sheria ilikuwa na ukali kwa zote mbili. Kilichotofautiana ni kwamba kiroba kilikuwa na mlango wa kugonga, na gongo haina. Sarafu hizi zina tabia za vyote viwili, na ndiyo maana wanaozibishania kila mmoja hujiona ana haki.

Upande wa gongo ni huu. Unakumbuka ulipokuwa katibu wa chama chetu cha kahawa, daftari la wanachama lilikaa kabatini kwako, na siku panya walipolitafuna kona, kilo za watu watatu zikazua ugomvi wa msimu mzima. Bitcoin, mojawapo ya sarafu hizi, ambayo ilielezwa mara ya kwanza Oktoba 2008 na mtu au watu waliojiita Satoshi Nakamoto na kuanza kufanya kazi Januari 2009, ni daftari la namna hiyo, ila nakala yake kamili inakaa katika maelfu ya kompyuta zilizotawanyika duniani, na kila baada ya dakika kumi hivi ukurasa mpya unaongezwa katika nakala zote. Halina katibu wala kabati. Serikali ya nchi moja ikikamata kompyuta zote zilizo ndani ya mipaka yake, daftari linaendelea kuandikwa kwingine kana kwamba hakuna kilichotokea. Na mwenye mali hashiki chochote zaidi ya namba ya siri, ambayo mara nyingi huandikwa kama maneno 12 au 24 ya kawaida. Askari anaweza kumpekua hadi kwenye soksi asiipate, kwa kuwa ameyakariri kama shairi la darasa la tano.

Lakini gongo hunywewa pale pale inapopikwa, na hapo ndipo mfano wangu unapoishia, kwa kuwa hakuna anayekula Bitcoin. Lusajo akitaka kununua mbolea Uyole, hana budi kuibadili kwanza iwe shilingi, na shilingi zinakaa benki au kwenye simu, yaani mahali ambapo serikali ina macho. Huo ndio mlango, na ni wa kiwandani kabisa. Tena Lusajo hana Bitcoin kama unavyodhani. Ana Tether, sarafu inayotolewa na kampuni kwa ahadi kwamba kila moja ina thamani ya dola moja ya Marekani. Kampuni hiyo inaweza kuzizuia sarafu zilizo katika pochi fulani ya mtandaoni ikiombwa na vyombo vya dola, na imefanya hivyo mara nyingi. Kwa hiyo mtu anayekuambia kwamba serikali haziwezi kugusa chochote anakudanganya sawasawa na yule anayesema zinaweza kufuta vyote.

Hapa ninapoishi ndipo marufuku ilipojaribiwa kwa nguvu kuliko pengine popote. Desemba 2013 mabenki yalikatazwa kushughulika na Bitcoin. Septemba 2017 masoko ya kubadilishia yakafungwa. Mei 2021 wachimbaji, yaani wenye yale mashine yanayokula umeme ili kuandika kurasa za daftari, wakaanza kufukuzwa. Na tarehe 24 Septemba 2021 ikatangazwa kwamba biashara yote inayohusiana na sarafu hizo ni haramu. Jambo lililokoma lilipokatazwa mara ya kwanza, Baba, halikatazwi mara nne. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge walikuta kwamba sehemu ya China katika uchimbaji wa Bitcoin duniani ilishuka hadi sifuri Julai 2021, na ilipofika Septemba ya mwaka huo huo ilikuwa imerudi na kuvuka moja ya tano. Mashine yale ni makubwa, yana joto na kelele, na bado yalipata pa kujificha.

Hata hivyo sitaki nikuonyeshe upande mmoja tu, kwa sababu katika matumizi ya kila siku China imefaulu. Miaka yote niliyokaa hapa sijaona mtu akinunua mboga kwa sarafu hizo. Watu hulipa kwa WeChat au Alipay, na huduma hizo zimefungwa kwenye kitambulisho, namba ya simu na akaunti ya benki ya kila mmoja. Kinachobaki ni kile kilichoisumbua serikali tangu mwanzo: raia wa hapa anaruhusiwa kubadili fedha za kigeni zenye thamani ya dola 50,000 tu kwa mwaka, na mwenye kutaka kuhamisha zaidi ya hapo hutafuta uchochoro.

Uchochoro huo niliuona kwa macho yangu. Mfanyabiashara mmoja wa vipuri vya pikipiki kutoka Mbeya alikuja kulipia minyororo na sproketi, na kwa kuwa dola zilikuwa zimeadimika kwenye mabenki ya nyumbani, alikuja na Tether kwenye simu. Muuzaji hakusema neno. Alichukua kalamu nene, akaandika bei ya kubadilishia juu ya gundi ya plastiki iliyofunga boksi, akamwonyesha, kisha akaibandua ile gundi, akaiviringisha ikawa kidonge na kukitia mfukoni. Malipo yalikamilika kabla chai yangu haijapoa. Mwezi uliofuata benki iliifungia akaunti ya yule muuzaji, kwa kuwa yuani alizozipata alipoziuza zile Tether zilikuwa zimepitia mikononi mwa matapeli wa simu. Hakwenda kulalamika, kwa maana tangazo la mwaka 2021 lilisema wazi kwamba anayepata hasara katika shughuli hizo ataibeba mwenyewe. Mteja wake naye alikaa wiki tano akisubiri minyororo, na hakuwa na ofisi ya kwenda kugonga mlango. Tangu siku ile ninaamini kwamba marufuku haiwazuii watu kufanya biashara hii. Inawanyima pa kulalamikia, na tapeli hana anachokipenda zaidi ya hicho.

Nigeria ilipitia njia hiyo kwa haraka zaidi. Tarehe 5 Februari 2021 benki kuu yake iliyaagiza mabenki kuzifunga akaunti za wanaoshughulika na sarafu hizi. Watu hawakuacha, walihama: badala ya kupitia masoko yenye akaunti zinazojulikana, mnunuzi alimtumia muuzaji naira moja kwa moja, na mbele ya karani wa benki malipo hayo hayakuwa na tofauti na kodi ya nyumba. Oktoba mwaka huo serikali ilileta sarafu yake yenyewe ya kidijiti, eNaira, na wananchi wakaitazama kama mgeni asiyealikwa. Desemba 2023 benki kuu iliondoa katazo lake. Naira ilikuwa ikiporomoka na dola hazipatikani, na agizo kwa mabenki halikuwa na dawa ya lolote kati ya hayo mawili. Bolivia nayo ilikataza mwaka 2014 na kulegeza mwaka 2024, na India ikaona katazo la benki kuu yake la mwaka 2018 likitenguliwa na Mahakama ya Juu Machi 2020, kisha ikaamua kutoza kodi ya asilimia 30.

Kuna hata nchi iliyojaribu kinyume chake. El Salvador iliifanya Bitcoin kuwa fedha halali Septemba 2021 na kuwataka wafanyabiashara waipokee; wengi waliendelea kutaka dola, na mwaka 2025 sheria ikabadilishwa, kuipokea kukawa hiari. Kumbe hata kulazimisha ni kazi.

Kwetu, msimamo umekuwa ukisogea polepole. Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kwamba fedha halali nchini ni shilingi na kwamba biashara ya sarafu hizi inakwenda kinyume na kanuni za fedha za kigeni. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Mwanza, aliitaka benki hiyo ianze kujiandaa kwa mabadiliko hayo. Kisha Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaweka kodi ya zuio, yaani inayokatwa kabla malipo hayajamfikia mlipwaji, ya asilimia 3 kwenye malipo ya kuhamisha mali za kidijiti. Sijawahi kusikia mpika gongo akidaiwa kodi ya zuio, na kwa hiyo ninahisi kwamba wakubwa wenyewe wamekwisha kukiri, bila kutamka, kwamba kitu hiki hakitaondoka. Jirani zetu wa Kenya mwaka 2025 walitamka: walitunga sheria ya kuwapa leseni wanaotoa huduma hizi, na kwa mawazo yangu huko ndiko kuujenga mlango badala ya kuuziba.

Wewe unaijua habari hii kuliko mimi, ila ulipokuwa ukitusimulia ilikuwa na majina mengine. Ulituambia kwamba mwaka 1983, Sokoine alipoendesha msako wa wahujumu uchumi, watu walifukia sabuni na vitenge migombani, na kwamba bado ulivuka kwa miguu upande wa Kasumulu, mpakani na Malawi, kutafuta sabuni ya kumwogeshea kaka yetu mchanga, ukiwa na kwacha ulizobadilishiwa kwa siri nyuma ya kibanda. Msako ulipita, lakini biashara ya siri ya dola na kwacha ilianza kupoteza nguvu pale tu Sheria ya Fedha za Kigeni ya mwaka 1992 ilipofungua njia ya maduka ya kubadilishia fedha. Wale vijana wenye mabunda ya kwacha yaliyofungwa kwa mipira wangali wapo darajani hadi leo, ninakubali. Lakini anayewaendea sasa ana haraka tu, halazimiki.

Kuhusu Lusajo, nimezungumza naye kwa kirefu, na nimegundua kwamba mambo mawili yamechanganyika kwenye lile deni la laki nane unalolalamikia. Laki tano ni Tether alizozinunua kwa mtu wa Mbeya mjini. Hizo anazo, nimeziona, na hata sheria ikikaza kesho hazitayeyuka, ila kuzigeuza shilingi kutakuwa kwa shida na kwa hasara. Laki tatu alizipeleka kwenye kikundi kinachoahidi faida kila mwezi kwa kila anayemleta mwenzake, nacho kinatumia neno kripto kama vile kanzu ya kuazima. Huo ni upatu, Baba, ndugu yake DECI iliyosimamishwa mwaka 2009, na huo serikali inaweza kuukomesha, kwa sababu unaishi kwa mikutano, matangazo na mawakala, na bila kuonekana haupati wateja. Ukimkemea, naomba umkemee kwa hizo laki tatu, na zile tano umwachie aziuze taratibu kabla ya msimu wa kupanda.

Fedha ya mbolea nimeituma Jumanne kwa njia ya siku zote. Makato pamoja na bei mbaya ya kubadilishia vimekula karibu bei ya nusu mfuko, na ndiyo sababu Lusajo amekuwa akinisihi nitumie njia yake. Nimemkatalia, kwa kuwa mimi ni mgeni hapa na sitaki akaunti yangu ifungiwe kama ya yule muuzaji wa minyororo. Utakapoipokea, naomba unijulishe ni shilingi ngapi hasa zilizofika mkononi mwako, nami nizilinganishe na risiti niliyonayo.

Msalimie Mama, na wote wa nyumbani. Ndaga fijo.

Mwanao,
Subilaga