Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wazazi wa Watoto wa SS, Lubumbashi

Ndugu wanachama, wazazi wenzangu,

Hesabu za michango mhazini atawasomea. Ziara za hospitalini ziliendelea. Mimi nina jambo moja linaloniuma: mama kufukuzwa nyumbani kwa sababu mtoto amekutwa na SS, yaani selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi.

Tunayajua maneno yenyewe: ukoo wa mama una laana, mtoto amerogwa. Elimu ya jeni imekwisha kuikata kesi hii. Mtoto wa SS amerithi kwa baba na kwa mama. Katika herufi kama bilioni 3 za jenomu, yaani maandishi yote ya urithi wa mtu, iliyogeuka ni moja, kwenye kromosomu ya 11. Wazazi wote wawili wakiwa AS, yaani wamerithi herufi hiyo kwa mzazi mmoja tu na wao wenyewe hawaugui, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto wa SS.

Mkutanoni Katuba bibi mmoja alisimama akauliza: ikiwa ugonjwa huu unaua watoto tangu zamani, mbona haukuisha? Swali zuri mno. Malaria kali haimshindi mwenye AS kwa urahisi. Penye mbu wengi, watoto wa AS walipona, wakakua, wakazaa, na herufi ile ikabaki. Mwaka 2018 wanasayansi wa jeni Daniel Shriner na Charles Rotimi, baada ya kuchambua jenomu nzima za watu wengi, walikadiria kwamba chanzo chake ni mtu mmoja wa Afrika, miaka kama 7,300 iliyopita. Baadaye ilisafiri pia na Wabantu, waliotokea pande za mpaka wa Nigeria na Kameruni. Utafiti wa 2023 unaonyesha kwamba Kongo na Zambia huenda zilikuwa njia panda ya safari hizo. Ndipo hapa tunapokaa. Mume anayemwambia mkewe "damu hii ni ya kwenu" amesahau kwamba kwao pia ipo.

Kuhusu dawa: tiba ya kuhariri jeni iliidhinishwa Uingereza Novemba 2023, ila Marekani inauzwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Naona nguvu zetu ziende kwenye haidroksiyurea, dawa ya kumeza. Watoto wa Kinshasa walikuwemo katika utafiti wake wa nchi nne za Afrika. Maumivu yalipungua, malaria ikapungua, vifo vikapungua.

Komiti inawaomba akina baba ambao hawajapima elektroforezi, kipimo cha damu kinachoonyesha kama mtu ni AS au SS, waje pamoja na wake zao, na wachumba wapime kabla ya mahari. Barua ya kuomba haidroksiyurea iko mezani kwa katibu. Tieni sahihi kabla hamjatoka.