Ukija harusini njoo na judogi

Assalamu alaykum kaka,

Vipi hali, shemeji na watoto wazima? Huku sote wazima alhamdulillah. Najua nimekaa kimya muda mrefu, meseji zako nilikuwa nazisoma zote nafurahi ila nguvu ya kujibu hamna, sasa ipo. Mama Zuu kaniambia unavuka kuja Unguja kwenye harusi ya mdogo wake Bonge, ndo maana nakuandikia leo leo kabla hujakata tiketi ya boti. Nina ombi, na si la pesa kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Kwanza dawa nimemaliza. Ile miezi sita ya TB imeisha, makohozi wamepima hamna kitu, daktari kasema nimepona. Miezi miwili ya mwanzo kaka usiombe, vidonge asubuhi tumbo tupu, mkojo unatoka rangi ya chungwa mpaka unashtuka ingawa walishanambia ni dawa tu, na mwili ukaisha kabisa, mimi niliyekuwa nacheza judo uzito wa kilo 81 nikashuka chini ya 66. Sasa nakula, mama haondoki mezani mpaka aone sahani haina kitu. Ila picha ya kifua inaonyesha kovu kwenye pafu la kulia, na ngazi za kwetu nikizipanda haraka nasimama katikati kutafuta pumzi. Mazoezi karuhusu, tena kasisitiza nifanye, lakini nipande pole pole.

Basi nimerudi kufundisha judo. Furaha ya kukanyaga tatami tena siwezi hata kukuandikia, ile harufu ya mikeka iliyoshinda na joto, watoto wamepanga mstari, judogi, zile nguo za judo, nyengine zinafika magotini. Na wamekua! Yule mtoto wa Mpemba tuliyekuwa tunamfunga mkanda wenyewe sa hivi anapiga mtupo wa tai otoshi wa kushoto mpaka raha, na wote midomoni ni Mlugu tu, Mlugu kaenda Olimpiki ya Rio 2016, Mlugu kaenda Paris 2024, kila mmoja anasema zijazo ni yeye.

Tatizo hawanitupi.

Yaani hawanitupi kaka. Wewe unajua ninavyofundisha, mi si mwalimu wa kukaa pembeni na filimbi. Mtoto anayejifunza osoto gari, ule mtupo wa kumfyeka mtu mguu kwa nyuma, anahitaji mtu mzima anayejua kuanguka, ampe uzito wake sawasawa halafu aende chini kweli, paa, mkono umepiga mkeka, hapo ndo mtoto anausikia mwilini mwake kuwa hii ilikuwa sahihi. Ukimpa mwenzake wa umri wake huyu anakaza huyu anavuta wanaishia kusukumana. Nusu ya kazi yangu ni kuanguka. Sasa nikimwita anakuja, anashika ukosi na mkono vizuri, ananivuta anavunja mizani yangu vizuri, anaingia vizuri, halafu pale pa kufyeka mguu anasita ananiangalia usoni. Au ananilaza chini taratibu kama yai.

Juzi tulikuwa kwenye kesa gatame, kule kumbana mtu chini mgongo ukiwa mkekani, nikamwambia mdogo wa mwisho wa Mama Zuu anibane mpaka sekunde 20 maana ndo ippon, ushindi kamili. Kanishika shingo sawa, mkono wangu kaubana sawa, lakini nikahisi kiwiko chake amekikita kwenye mkeka na ubavu wake haugusi kifua changu, kajibeba mwenyewe muda wote asinilalie, mkono unamtetemeka. Nikamwambia lala. Akasema "sensei, kifua chako." Nilishindwa kumjibu kaka.

Kuna wazazi pia wamewatoa watoto wakiogopa maambukizi. Nimewaeleza kuwa TB ya kawaida dawa zikishafanya kazi, baada ya kama wiki mbili tatu mtu haambukizi tena, na mimi nimemaliza dozi nzima na karatasi ya hospitali ninayo. Mmoja karudisha wake, wengine nawasubiri, hilo litaisha. Hili la watoto ndo linaniuma, maana wao hawaniogopi, wananionea huruma, na huruma yenyewe inawaharibia judo. Ukisita kwenye osoto mguu mmoja uko juu, mwenzio anakurudishia hiyo hiyo unaangukia mgongo wewe. Wakizoea kusita kwangu watasita mashindanoni.

Sasa ombi. Njoo na judogi yako, siku moja kabla ya harusi upite klabuni, na mbele yao wote unitupe. Si randori ya kupambana huru, randori pumzi bado. Wewe utupe mimi nianguke basi, osoto, seoi nage, na ile harai goshi yako mbaya. Usinihurumie hata kidogo, wale watoto wana macho. Ukemi, mazoezi ya kuanguka salama, nimeshaanza peke yangu asubuhi na mkono unapiga vizuri, daktari nimemuuliza, kasema kwangu hatari ni kujichosha kupita kiasi, kuanguka niendelee tu. Ningemwomba Babu Tanga lakini goti, Mpemba yuko Muscat, na hawa vijana wa mkanda wa kahawia ni wanafunzi wangu, nao wananilaza chini vile vile. Wewe umenitupa tangu hatuna ndevu na hujawahi kuniachia.

Mama usimwambie, akisikia atakuja kukaa katikati ya tatami.

Unakuja na boti ya asubuhi au ya jioni? Lile bega limepona kweli au unasema tu? Judogi bado inakuenea? Watoto unakuja nao, na yule mkubwa hajaanza tu mpaka leo kwa nini? Na yule jamaa wa huko Dar aliyekuwa anauza mikeka ya zamani bado anayo, anataka bei gani? Nijibu mapema, nataka niwaambie watoto kabla ya Jumatano.

Nduguyo wa Michenzani