Barua kwa Mwanangu: Kabla Hujaenda Mtoni

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku San Antonio hatujambo. Mama yako anakusalimu sana na anauliza kama unakula vizuri. Ujumbe wako wa kuomba lile gari letu la kambi nimeupata, na nimekubali. Lichukue, uende na wenzako hifadhi ya Big Bend likizo hii ya Machi. Nilifurahi zaidi nilipoona kwamba nafasi mliyolipia ni ya kambi ya Cottonwood, pale karibu na Castolon, na si kule Rio Grande Village kwenye uwanja wa kuchomeka umeme na mpira wa maji. Ila kuna mambo nataka uyasome ukiwa umetulia, ndiyo maana nakuandikia badala ya kukupigia simu.

Unakumbuka safari yetu ya kwanza? Ulikuwa na miaka 11. Tuliingia jioni, tukaegesha chini ya ile mipopla mikubwa kwa kupenda kivuli, tukaoga wote kama tulivyozoea nyumbani, maji yakichuruzika tu. Usiku baridi ikatukamata, nikawasha kipasha joto hadi asubuhi. Kumbe kile hula gesi, lakini feni yake hula betri. Kulipokucha taa haziwaki, bomba linakohoa hewa, tenki la lita 110 limekwisha. Kwenye paa tulikuwa na sola, lakini tumeifunika kwa kivuli tulichokipenda. Na jenereta Cottonwood ni marufuku.

Ulilia. Mimi nikachukua ndoo nikaelekea kwenye bomba la kambi, ukanifuata, ukasema unataka kubeba wewe. Nikakunja taulo nikakutengenezea ngata, nikakutwisha ndoo nusu. Mara ya kwanza ulijimwagia yote mabegani. Mara ya tatu ulifika hadi mlangoni bila kuishika, shingo imenyooka, macho mbele, na wazee wawili wa gari la jirani wakasimama kukupigia makofi. Sijawahi kukuambia, lakini nilizunguka nyuma ya gari nikafuta machozi. Nilikuwa nimemwona bibi yako.

Bibi yako alitwishwa maji ya Ruvuma tangu mdogo kuliko wewe siku ile. Kwetu Tunduru mtoni kulikuwa na mamba, kwa hiyo sisi watoto alitusimamisha juu ya kingo tutazame maji, yeye akashuka kuchota. Ndoo akiitua nyumbani, tayari alijua hii kata ya uji, hii ya kunawa, hii ya vyombo, na maji ya vyombo yanakwenda kwenye maboga. Hakuna tone lililokosa kazi. Nimekaa Marekani miaka mingi nikiacha bomba wazi huku nikipiga mswaki, na ilibidi niishiwe maji jangwani Texas ndipo nikamkumbuka.

Basi mwanangu, ujue kipimo cha maji yako kabla hujawasha pampu. Vyombo vioshwe kwenye beseni. Kuoga, jilowanishe, funga, jisugue, fungua ujisuuze. Ya kunywa beba pembeni, lita 4 kwa kila mtu kwa siku, na msiipunguze hata hali ya hewa ikiwa nzuri. Tofauti na bibi yako, huna maboga ya kumwagilia: maji machafu usimwage chini hata kikombe. Yanakaa tenkini, ya choo na ya kuogea, mpaka siku ya kuondoka muende kuyamwaga Rio Grande Village, upande wa pili kabisa wa hifadhi. Hapo Cottonwood hakuna pa kumwagia. Tumieni vyoo vya shimo vya kambi mchana, tenki letu mliachie usiku.

Gari liegeshe juani. Kaeni nyinyi kivulini. Friji liweke kwenye gesi mapema, na ving'amuzi vya gesi na moshi uvijaribu kabla ya kulala. Hili ni agizo. Kuni msiwashe, hifadhi hairuhusu, ila mkaa kwenye jiko la chuma unaruhusiwa kama hawajatangaza katazo la moto. Chakula kisibaki mezani hata kidogo, maana wale havelina, wanaofanana na ngiri wadogo, hupita kambini usiku kwa makundi.

Njiani jaza mafuta mji wa Marathon. Kutoka hapo hadi Panther Junction, makao makuu ya hifadhi, ni maili 70 hivi, kisha maili 35 nyingine za kushuka hadi kambini, zenye kona na miteremko. Shuka kwa gia ndogo, usikanyage breki mfululizo. Wakati wa kurudi mtakuta kizuizi cha askari wa mpakani. Beba pasipoti yako. Najua wewe ni mzaliwa wa hapa na wenzako watakuambia hawajabeba chochote, lakini baba yako ana lafudhi na jina lako ni la kwetu, nami nitalala vizuri nikijua unayo mkononi.

Halafu nenda mtoni, Rio Grande. Si mbali na mahali mtakapolala, na upande wa pili ni Mexico, kijiji cha Santa Elena. Zamani watu walivuka kwa mtumbwi, kununua, kula, kusalimiana. Mwaka 2002 Marekani ikafunga vivuko hivyo vyote. Kivuko cha Boquillas kilifunguliwa tena mwaka 2013, cha Santa Elena bado, kwa hiyo msivuke. Nami ninapokaa pale huwa nawafikiria Wayao wenzetu wa Niassa, Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma. Babu yako alikuwa na dada yake upande ule, na kwenda kumzika ilikuwa ni kupiga kasia tu. Maji yenyewe ya Rio Grande mtakayoyaona hapo mengi yanatoka Mexico, kwa mto Conchos, kwa sababu mto unaoshuka kutoka El Paso huwa umenyonywa na mashamba karibu wote ukauke. Nilipolijua hilo nilishindwa kuutazama kama ukuta.

Siku moja amkeni alfajiri muende kwenye korongo la Santa Elena, barabara inapoishia. Kuta zake zina urefu wa mita 450, na jua la asubuhi ndilo linaloingia ndani. Usiku zimeni taa zote, za simu pia. Anga lile halina mwanga wa mji, utaiona njia ya maziwa kama tulivyoiona kwetu kijijini kabla ya umeme, na hicho nilikuwa nimeshakata tamaa ya kukuonyesha.

Funguo zipo kwa mama yako. Mtungi wa gesi nimeujaza, matairi nimeyapima. Ndoo ya bluu iko chini ya sinki, na ndani yake nimekuwekea lile taulo.

Ni mimi,
Baba yako