Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: sukari kliniki, magoti duka la dawa

Ndugu wanachama, wageni waalikwa, na ninyi jamaa mliowasindikiza wazee wetu,

Akidi imetimia na kumbukumbu za mkutano uliopita zimeshapitishwa, kwa hiyo nasoma taarifa ya kamati ya utendaji ya chama chetu cha wenye kisukari. Mambo ya fedha sitayagusa. Mweka hazina amewagawia karatasi yake na ataisimamia mwenyewe. Niseme tu kwamba ada zimelipwa vizuri kuliko mwaka juzi, na kwamba wale wanaosubiri siku ya uchaguzi ndipo walipe tunawajua.

Mkutano uliopita mlitulalamikia kwamba kila mwezi tunazungumzia chakula. Mlisema ugali mmeusikia vya kutosha, sasa tuzungumze yanayowauma. Tukatii, tukauliza. Majibu yakawa magoti, mabega, vidole na nyayo. Jambo lililoishtua kamati si maumivu yenyewe, maana wengi wetu ni watu wazima. Tulishtuka kugundua kwamba wengi hawakuwahi kumtajia daktari wa kisukari. Sukari wanaipeleka kliniki, magoti wanayapeleka duka la dawa. Huko kliniki nako mtu anapimwa sukari na presha, anaandikiwa dawa, anaitwa anayefuata. Hakuna anayeuliza kama mkono unafika kisogoni. Basi mwaka mzima tumeutumia kuviunganisha hivi viwili, na taarifa hii karibu yote ni ya hilo.

Daktari aliyetuzungumzia alianza na kolajeni, nyuzi za protini zinazojenga kano, ngozi na kifuko kinachozunguka kiungo. Sukari ikikaa juu miaka mingi hunata kwenye nyuzi hizo na kuzifunga moja kwa nyingine, zikakakamaa. Ndiyo maana akatuambia tukutanishe viganja, vidole vyote vigusane tangu shinani hadi nchani, viwiko vikiwa juu. Ukumbi mzima ukafanya. Wengine viganja vililala sawasawa. Kwa bibi mmoja aliyeanza insulini zamani, katikati pangepita kalamu bila kugusa popote. Yeye mwenyewe alikuwa akidhani ni kazi ya kukuna nazi tangu utoto. Hali hiyo haiumi sana, ila ni ya kuitilia maanani, kwa sababu anayekakamaa vidole mara nyingi macho na figo zake nazo zinahitaji kuangaliwa. Wapo pia walioinua mkono kusema kidole kinakwama kikikunjwa, mpaka ukivute kwa mkono wa pili kinyooke kwa mlio. Hilo nalo ni la ukoo huohuo.

Bega ndilo lililopata watu wengi wa kulisemea. Bega lililoganda huanza kwa maumivu ya usiku, halafu linagoma: mwanamke hawezi kufunga sidiria wala kusuka nywele, mwanamume hafikii pochi mfuko wa nyuma. Tafiti zilizojumlishwa pamoja zinaonyesha kwamba mwenye kisukari ana uwezekano wa karibu mara tano wa kulipata kuliko asiye nacho. Linaweza kuchukua mwaka mmoja hadi mitatu kulegea, na kwetu sisi huchelewa zaidi. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alitufundisha kupandisha vidole ukutani taratibu na kuning'iniza mkono kama timazi. Kuna waliocheka. Baada ya miezi kadhaa baadhi ya waliocheka ndio waliokuwa wakiwafundisha wageni.

Kuhusu magoti, hapa pana ugomvi wa kweli. Daktari anasema tembea sukari ishuke, goti linasema kaa. Ukikaa, uzito unapanda, sukari inapanda, goti linazidi. Sitaki kusema hili ni jepesi. Wapo wazee wetu ambao sasa wanasali kwenye kiti kwa sababu sujudu imewashinda, na ukiwaambia watembee nusu saa wanakutazama tu. Lakini utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2005, kwa wazee wanene wenye magoti yaliyochakaa, ulionyesha kwamba kila kilo moja mtu anayopunguza inaondoa mzigo wa kilo nne gotini kwa kila hatua. Hesabu hiyo iliwatia moyo watu kuliko mahubiri yangu yote. Kwa walioshindwa kabisa kutembea tulianzisha mazoezi ya kukaa kitini, kunyoosha mguu na kuushikilia, ili msuli wa paja ubebe kazi. Wengine wanatembea baharini maji yakiwa kifuani, na inawafaa sana. Sharti moja tu: wavae viatu, kwa sababu mguu wenye ganzi ukichomwa na mwiba baharini hautakwambia.

Ganzi hiyo ndiyo inayonileta kwenye jambo ambalo, kama mtasahau mengine yote, nawaomba mlishike. Kiungo cha kukiogopa zaidi katika kisukari ni kile kisichouma.

Mwanachama mwenzetu, seremala, ametupa ruhusa tulieleze lake bila jina. Mguu wake mmoja ulivimba sehemu ya katikati, ukawa mwekundu na wa moto. Hakukumbuka kujikwaa. Kwa kuwa hauumi, aliendelea kusimama kazini kutwa. Akaambiwa umeteguka, akachuliwa kwa mafuta. Kituo cha kwanza alipewa dawa za kuua vijidudu, na cha pili akaambiwa ni jongo, yaani gauti. Alipofika kwa aliyeujua ugonjwa, mifupa ya katikati ya unyayo ilikuwa imeshavunjika na upinde wa mguu umeporomoka. Leo unyayo wake umebinuka kama kitako cha mtumbwi.

Ugonjwa huo unaitwa mguu wa Charcot, kwa jina la daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot, aliyeueleza mwaka 1868 kwa wagonjwa ambao mishipa yao ya fahamu iliharibiwa na kaswende. Mwaka 1936 daktari William Jordan wa Marekani akauhusisha na kisukari. Mishipa ya fahamu ikifa, mtu anakanyagia mifupa inayovunjika bila kujua. Tiba ya mwanzo ni kuupumzisha mguu kabisa, ufungwe plasta ngumu maalumu, mgonjwa atumie magongo kwa miezi. Ukiwahi, mguu unabaki na umbo lake. Ukichelewa, unyayo unaobinuka unatoka kidonda, na mnajua kidonda cha kisukari kinaishia wapi. Utaalamu upo hapahapa nchini. Dkt. Zulfiqarali Abbas wa Muhimbili ameshughulikia miguu ya wenye kisukari kwa miaka mingi, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo za mradi wa Step by Step wa kuwafundisha wahudumu kuikagua. Kwa hiyo kila jioni gusa miguu yote miwili kwa mgongo wa mkono. Mmoja ukiwa wa moto kuliko mwenzake na umevimba, usiuchue, usiukanyage, nenda hospitali siku hiyohiyo hata kama hauumi hata kidogo.

Sasa dawa. Diklofenaki na ndugu zake wa kutuliza maumivu zinatuliza kweli, lakini kwa mtu mwenye kisukari na presha, anayezimeza kila siku kwa ushauri wa muuza duka, zinaumiza figo ambazo tayari zina mzigo. Sindano ya steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, begani au gotini haikukatazwa, ila inaweza kupandisha sukari kwa siku kadhaa, hivyo mwambie daktari kuwa una kisukari na upime mara nyingi zaidi. Balaa kubwa ni ule unga usio na jina unaouzwa kama dawa ya asili ya viungo. Dawa za namna hii katika nchi nyingi zimekutwa zimechanganywa na steroidi kwa siri. Maumivu yakiisha ndani ya siku mbili tu, hamu ya kula ikaongezeka, uso ukavimba na sukari ikakataa kushuka, shuku huo unga. Na kama umeutumia kwa muda mrefu usiuache ghafla peke yako. Ubebe ulivyo, umpelekee daktari.

Jongo nimelitaja kwa kupita. Linapenda kuandamana na kisukari, unene na presha, na baadhi ya vidonge vya presha vya kukojosha maji hulichochea. Bia, maini, dagaa kwa wingi na soda pia. Naona nimerudi kwenye chakula, basi naachia hapo.

Kamati ina hoja tatu. Kwanza, kila mkutano wa mwezi uanze kwa viganja na miguu kabla ya chai, na katibu aandike aliyeonekana na tatizo. Pili, tuuandikie uongozi wa kliniki tunakotibiwa kuomba swali moja la viungo na ukaguzi wa miguu viwe sehemu ya kila hudhurio. Rasimu ya barua iko kwa katibu. Tatu, sehemu ya akiba ambayo mwaka jana ilitengwa kwa fulana za Siku ya Kisukari, tarehe 14 Novemba, itumike kununua magongo ya kuazimana. Najua fulana zina wapenzi wake humu ndani, na nawaona.

Ndugu wanachama, naomba kutoa hoja.