Kaka, Nagasaki si Japani yote

Kaka yangu,

Zile picha za makanisa ya Japani ulizowaonyesha watu, ukisema nimemwacha Mungu, ni za Nagasaki. Mimi niko milimani, mkoa wa Miyazaki. Ni kisiwa hichohicho cha Kyushu, lakini kufika huko ni safari ya kutwa. Kwao hata visiwa vya Goto vina makanisa yapata 50. Jimbo Kuu la Nagasaki lina mkoa mmoja. Jimbo letu la Oita limebeba miwili, Oita na Miyazaki, na huku kwetu utapita bonde baada ya bonde usione msalaba.

Injili ilifika Kyushu yote. Mmisionari Fransisko Ksaveri alishukia Kagoshima, kusini mwa kisiwa, mwaka 1549. Otomo Sorin, mtawala wa Bungo, ndiyo Oita ya leo, alibatizwa mwaka 1578. Mwaka 1614 dini ya Kikristo ikapigwa marufuku nchi nzima. Upande wa Nagasaki ilijificha vijijini, Urakami na Sotome, na watu wa Sotome wakavuka nayo hadi Goto. Ndiyo maana makanisa yamejaa kule.

Usingewaeleza wazee hayo? Siku ile ya matanga simu iko spika, jumuiya nzima imeketi, ukasema Mama amekufa na kinyongo kwa sababu mimi nimemwacha Mungu. Ulijua nasikia. Hela ya jeneza niliyotuma hukuitaja hata kwa neno moja.

Na ni wewe uliyenivusha mto mgongoni nikienda mafundisho ya komunyo! Hilo silisahau, ndiyo maana hili linauma.

Nakushauri, Kaka, usipime imani ya mtu kwa umbali wa kanisa lake. Wale wa Urakami walikaa zaidi ya miaka 200 bila padri, wakabatizana wenyewe, wakafundishana sala usiku. Mwaka 1865 walipomwendea Padri Petitjean, mmisionari Mfaransa, katika kanisa la Oura pale Nagasaki, hakuwauliza walikuwa wapi Jumapili zote hizo. Mimi rozari ya Mama naisali kila usiku na wanangu. Padri akija upande huu tunakwenda, hata theluji ikianguka. Ulitaka nifanye nini zaidi?

Misa ya arobaini ikifika, iweke tena simu spika. Nitatoa nia ya kumwombea Mama kwa sauti yangu, na wazee walewale wawepo.