Anayeshtakiwa kwa taa mbovu aambiwe ni taa ipi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalotuumiza sisi tunaobeba viazi, kabeji na maziwa kutoka Njoro, Molo na Mau Narok kuingia mjini Nakuru kabla ya kupambazuka. Ni mashtaka ya taa mbovu. Wengi hukiri kosa hilo mahakamani hata kama taa zao zilikuwa zinawaka, na sababu yake si kwamba ni waongo au waoga.

Kwanza nieleweke. Simtetei anayeendesha gari gizani bila taa. Mtu aliyepita Sachangwan na Salgaa usiku, ukungu umeshuka na malori yamefuatana, hawezi kuniambia kwamba taa ya nyuma ni kitu kidogo. Lori likikwama pale bila taa wala pembetatu za kuakisi mwanga, anayekuja nyuma huliona akiwa ameshachelewa. Askari anayelitoa gari la namna hiyo barabarani anaokoa watu. Kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinataka gari na vifaa vyake vitunzwe visihatarishe watu, na cha 58 kinaweka adhabu. Sheria hiyo naiunga mkono.

Kinachonikera ni jinsi shtaka linavyoandikwa. Alfajiri moja nilisimamishwa kwenye kizuizi nikielekea sokoni, nikaambiwa taa ya nyuma haiwaki. Nilishuka, tukazunguka na askari hadi nyuma ya pikapu. Zote mbili zilikuwa zinawaka. Nikaambiwa basi ni ya breki. Kijana niliyekuwa naye akakanyaga breki, nazo zikawaka. Hata hivyo nilipelekwa kituoni, nikaweka dhamana ya pesa taslimu, na shtaka lililoandikwa lilisema tu kwamba niliendesha gari lenye taa mbovu. Taa gani, upande upi, hakuna.

Asiyejua magari anaweza kudhani naleta ubishi. Gari lina taa kubwa za mbele, za chini na za juu, lina taa ndogo, indiketa, taa za breki, ya rivasi, na ile inayomulika namba ya nyuma. Tena katika magari mengi balbu moja ya nyuma ina nyuzi mbili ndani yake, mmoja wa taa ya usiku na mwingine wa breki. Mmoja ukikatika, wa pili unaendelea kuwaka kama kawaida. Kuna pia kutu kwenye kikombe cha balbu, au waya uliolegea kwa mashimo na vumbi la barabara zetu za ndani: taa inazimika gari likitikisika, na ukiigonga kwa kiganja inarudi. Inawezekana kabisa askari aliiona imezimika na dereva akaikuta inawaka, na wote wawili wanasema kweli. Ndiyo maana shtaka la "taa mbovu" peke yake halina jibu. Utajitetea vipi, ulete fundi athibitishe nini?

Katiba yetu ya 2010 haikuliacha hili wazi. Kifungu cha 50(2) kinampa kila mshtakiwa haki ya kuelezwa shtaka kwa undani wa kumwezesha kulijibu, kupewa muda na nafasi ya kuandaa utetezi, na kujulishwa mapema ushahidi ambao upande wa mashtaka unautegemea. Hakisemi haki hizo ni za kesi za mauaji na wizi wa mabavu tu. Mwenye pikapu ya viazi naye yumo.

Lakini nendeni mkae asubuhi katika korti ya trafiki msikilize. Shtaka linasomwa, mtu anajibu "ni kweli", anatozwa faini, anaitwa mwingine. Nje kwenye veranda madereva wazoefu wanawashauri wageni: sema ni kweli, ulipe, urudi kazini. Siwezi kuwalaumu. Ukikana, kesi inapangiwa siku nyingine. Siku hiyo shahidi ana zamu kwingine, inaahirishwa. Kila unaporudi kortini gari limelala, mteja wako sokoni ameanza kununua kwa mwenzako, na anayeendesha gari la tajiri anatafutiwa dereva mwingine. Faini inakuwa nafuu kuliko haki. Jambo hilo lilinichoma kuliko dhamana niliyotoa.

Mimi nilijibu "si kweli". Baada ya kuahirishwa, askari aliyenikamata alifika, nikamwuliza ni taa ya upande gani. Akasema kushoto. Mwenzake aliyekuwa naye kizuizini akasema kulia. Hakimu aliamua sina kesi ya kujibu na nikarudishiwa dhamana yangu. Naishukuru mahakama kwa kunisikiliza kwa makini hadi mwisho. Ila nilichopoteza katika biashara hakuna aliyenirudishia, na swali lile moja lingeulizwa pale pale barabarani, kesi isingefika kortini.

Kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016 zinasema dereva aliyezidisha mwendo kwa kilomita moja hadi tano kwa saa apewe onyo. Ni busara nzuri. Basi kwa nini balbu iliyoungua njiani isipewe onyo pia? Balbu inauzwa kwenye vibanda vya spea vya kila kituo, na fundi huibadilisha wakati abiria wananunua mahindi ya kuchoma. Dereva aandikiwe kwamba taa fulani haifanyi kazi, apewe muda wa kuitengeneza na kuionyesha katika kituo cha polisi kilicho karibu naye. Kama ni usiku na gari ni hatari, liegeshwe hadi fundi afike. Akipuuza, ashtakiwe, na hapo hatakuwa na la kujitetea.

Na anayeshtakiwa, karatasi yake iandikwe taa ni ipi, upande gani na saa ngapi alisimamishwa, na picha ipigwe kwa simu. Kila askari ana simu mfukoni. Madereva wenzangu nao wasiondoke pale kabla ya kupiga picha ya taa zao, na wasitoe pesa ya dhamana bila risiti.

Hapa Nakuru tuna kamati ya watumiaji wa mahakama, ambamo mahakama, polisi na upande wa mashtaka hukutana na wananchi. Naiomba kamati hiyo iweke suala hili kwenye ajenda ya kikao chake kijacho, na iwaalike wawakilishi wa matatu, bodaboda na sisi wabebaji wa mazao tuje kulieleza wenyewe.

Mkulima na mwenye pikapu,
Njoro, Kaunti ya Nakuru